Neno Dogo "Ni" na Habari Inayolifuata



Sasa unajua kusoma na kuandika. Unasoma bei dukani. Unasoma jina la dawa. Unamwandikia barua mtoto aliye mbali. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kusoma hakuishii katika kutamka maneno. Kusoma ni kuelewa. Mtu anaweza kutamka kila neno la mkataba, akaweka sahihi, kisha akapoteza shamba lake kwa sababu hakuelewa sentensi moja.

Katika somo hili tutatazama aina moja tu ya sentensi. Utaikuta katika barua, katika matangazo ya kijiji, katika mikataba ya mikopo na katika redio. Sentensi hizo huanza hivi:

Ukweli ni kwamba ...
Sharti ni kwamba ...
Matumaini yetu ni kwamba ...

Ukizielewa vizuri sentensi hizi, hutadanganywa kwa urahisi. Kwa wale walioanza kujifunza Kiingereza, tutaona pia kuwa lugha hiyo ina sentensi za namna hii hii.

"Ni" ni kiungo

Soma sentensi hizi:

Mtama ni chakula.
Mama Asha ni mkunga.
Mahindi haya ni mbegu.

Litazame neno "ni". Maneno kama "analima" na "anapika" yanaonyesha kazi inayofanywa. Neno "ni" halionyeshi kazi yoyote. Linaunganisha tu. Upande wa kushoto kuna kitu au mtu. Upande wa kulia tunaambiwa kitu hicho au mtu huyo ni nini. Katika vitabu vya sarufi neno la namna hii huitwa kitenzi kishirikishi, kwa sababu linashirikisha pande mbili.

Mfikirie mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mti mmoja begani. Ndoo moja iko mbele, nyingine iko nyuma. Bega lake ndilo "ni". Huwezi kujua uzito wa mzigo wake kwa kutazama ndoo moja tu. Lazima utazame zote mbili. Na sisi tutazitazama zote mbili.

Habari nzima baada ya "ni"

Sasa linganisha sentensi hizi mbili:

Tatizo ni maji.
Tatizo ni kwamba kisima kimekauka.

Katika sentensi ya kwanza, baada ya "ni" kuna jina moja tu: maji. Tunajua tatizo linahusu maji, lakini hatujui zaidi. Je, maji ni machafu? Je, yako mbali? Je, yamejaa shambani na kuozesha mpunga? Hatujui.

Katika sentensi ya pili, baada ya "ni" kuna habari nzima: kisima kimekauka. Tunajua ni kitu gani, na tunajua kimepatwa na nini. Sasa tunaweza kupanga la kufanya.

Utajuaje kwamba kinachofuata ni habari nzima? Funika kwa kidole maneno "Tatizo ni kwamba". Soma kilichobaki: "kisima kimekauka". Je, kinaweza kusimama peke yake na kueleweka? Ndiyo. Basi ni sentensi ndani ya sentensi. Jaribu kufanya hivyo kwa "Tatizo ni maji". Kinabaki "maji" tu. Neno moja peke yake halielezi kilichotokea.

Sentensi ndogo iliyo ndani ya sentensi kubwa huitwa kishazi. Hapa kishazi kinafanya kazi ya jina. Kimekaa mahali ambapo jina "maji" lilikaa. Neno "kwamba" ni kama mlango: linatuambia kuwa habari inaingia. Mara nyingine mwandishi hutumia "kuwa" badala ya "kwamba". "Ukweli ni kuwa kisima kimekauka." Maana ni ile ile.

Tazama ndoo ya mbele

Watu wengi wakisoma sentensi ya aina hii hukimbilia mwisho. Hushika habari, lakini husahau neno lililoanza. Hapo ndipo hasara huanzia.

Chukua habari hii moja: mbolea italetwa kabla ya mvua. Sasa iweke nyuma ya maneno mbalimbali:

Uvumi ni kwamba mbolea italetwa kabla ya mvua.
Matumaini yetu ni kwamba mbolea italetwa kabla ya mvua.
Ahadi ya chama cha ushirika ni kwamba mbolea italetwa kabla ya mvua.

Habari ni ile ile. Maneno ya mwisho hayakubadilika hata moja. Lakini je, uzito ni ule ule? Hapana.

Kama ni uvumi, hakuna anayejulikana kuwa ndiye aliyesema. Usipange kazi yako kwa uvumi. Kama ni matumaini, kuna mtu anayetaka iwe hivyo, lakini hajasema kuwa itakuwa. Andaa mbolea ya samadi, usije ukakosa yote. Kama ni ahadi, kuna aliyejifunga kwa maneno yake. Unaweza kwenda kumwuliza: "Mliahidi. Mbolea iko wapi?"

Mkulima aliyesoma "matumaini" kama "ahadi" atakaa akisubiri mpaka mvua inyeshe. Kisha atalaumu watu ambao hawakumwahidi kitu. Si kwamba hakusoma. Alisoma ndoo moja.

Sentensi ya kweli yenye habari isiyo kweli

Hapa tuna jambo la kufikiri. Soma sentensi hii:

Zamani imani ya watu wengi wa Ulaya ilikuwa kwamba hewa mbaya ya mabwawa huleta homa.

Kwanza tazama neno "ilikuwa". Tunaposema habari za wakati uliopita, "ni" huacha nafasi yake, na "ilikuwa" hushika kazi ya kuunganisha.

Je, sentensi hiyo ni ya kweli? Ndiyo. Watu wengi waliamini hivyo. Hata jina "malaria" limetoka katika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Lakini je, habari iliyo ndani, "hewa mbaya ya mabwawa huleta homa", ni ya kweli? Hapana.

Mwaka 1880, daktari Mfaransa aliyeitwa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1897, daktari Mwingereza aliyeitwa Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu hivyo ndani ya mwili wa mbu. Kwa hiyo leo tunaandika:

Ukweli ni kwamba malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya anofelesi.

Watu waliokaa mbali na mabwawa waliugua kidogo zaidi, ni kweli. Lakini si kwa sababu ya hewa. Ni kwa sababu mbu huzaliana katika maji yaliyotuama. Aliyeamini habari ya hewa alifunga dirisha tu. Anayejua habari ya mbu hulala ndani ya chandarua chenye dawa na kufukia madimbwi.

Basi kumbuka hili: sentensi nzima yaweza kuwa ya kweli, na habari iliyo ndani yake isiwe ya kweli. Mtu akiandika, "Maoni yangu ni kwamba dawa hii inaponya kila ugonjwa," huenda hasemi uongo. Hayo ni maoni yake kweli. Lakini dawa inaweza isiponye hata mafua. Neno "maoni" limemlinda yeye. Wewe halikukulindi.

Sharti, kanuni na lengo

Kuna maneno mengine ya mwanzo ambayo hayaleti habari ya kilichotokea. Yanaleta jambo linalotakiwa kufanyika. Soma:

Sharti ni kwamba mkopaji alipe deni lote kabla ya tarehe 30 Juni.

Tazama neno "alipe". Halikuandikwa "analipa" wala "atalipa". Mwisho wake ni "e". Hiyo ni alama ya jambo linalotakiwa au linaloagizwa. Ukiona "sharti", "kanuni", "amri", "lengo" au "ombi" mwanzoni, tafuta kitenzi cha namna hii. Hapo ndipo utajua nani anatakiwa afanye nini, na lini. Mara nyingine hata neno "kwamba" huachwa: "Lengo ni kila mtoto apate chanjo." Kishazi kipo, ingawa mlango hauonekani.

Katika mkataba wa mkopo, neno "sharti" ni zito kuliko yote. Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, hesabu masharti ni mangapi. Kwa kila sharti jiulize: nani, afanye nini, lini, na asipofanya itakuwaje? Kama hujaelewa, omba kusomewa tena. Kuomba kusomewa tena si aibu. Aibu ni ya mtu anayekuharakisha.

Katika afya, neno "kanuni" nalo ni zito. Mtoto akiharisha hupoteza maji na chumvi mwilini, na anaweza kufa. Pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini hutolewa katika zahanati, na hizo ndizo bora. Kama pakiti hazijapatikana:

Kanuni ni kwamba lita 1 ya maji safi ya kunywa itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kilima. Mama anayesoma "kanuni" atapima. Anayedhani hayo ni maoni tu atakisia. Chumvi ikizidi, humdhuru mtoto. Na mtoto apelekwe zahanati upesi.

Si kwamba, na kama

"Ni" likikanushwa huwa "si". Soma kwa makini:

Tatizo si kwamba mbegu ni mbaya. Tatizo ni kwamba tulichelewa kupanda.

Anayepita haraka anaona maneno "mbegu ni mbaya" na kuondoka nayo. Lakini mwandishi amekataa habari hiyo. Herufi mbili tu, "si", zimegeuza maana yote.

Mara nyingine baada ya "ni" haiji habari, bali linakuja swali:

Swali ni kama fedha za pampu zimefika.
Swali ni nani alizipokea fedha za pampu.

Katika sentensi ya kwanza, "kama" linaonyesha kuwa bado hatujui ndiyo au siyo. Katika ya pili, tunajua zilipokewa. Hatujui nani alizipokea. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Katika mkutano wa kijiji, anayeuliza la pili anajua jambo ambalo anayeuliza la kwanza halijui.

Katika Kiingereza

Huenda umeanza kujifunza Kiingereza, au unaona maneno yake katika mifuko ya mbolea na katika barua za ofisi. Sentensi tulizojifunza zinapatikana huko pia, na zimejengwa karibu sawa na zetu. "Ni" huwa "is". "Ilikuwa" huwa "was". "Kwamba" huwa "that". Tazama:

The problem is that the well is dry.
Tatizo ni kwamba kisima kimekauka.

The belief was that bad air caused fever.
Imani ilikuwa kwamba hewa mbaya ilileta homa.

Funika "The problem is that". Kinabaki "the well is dry", na kinasimama peke yake. Jaribio letu la kidole linafanya kazi hata huku. Lakini kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, neno "that" mara nyingi huachwa. Mtu huandika "The problem is the well is dry." Sasa "is" zimekuwa mbili, na msomaji huchanganyikiwa. Usiogope. "Is" ya kwanza ni kiungo cha sentensi kubwa. "Is" ya pili ni ya sentensi ndogo iliyo ndani.

Pili, "that" lina kazi nyingine: kuonyesha kitu kilicho mbali, kama "kile" au "yule". "Our well is that one" maana yake ni "Kisima chetu ni kile". Hapa hakuna habari ndani. Funika "Our well is that". Kinabaki "one", na hakitoshi kuwa sentensi.

Tatu, jambo likiwa halijajulikana ndiyo au siyo, neno la Kiingereza ni "whether". "The question is whether the well is dry." Maana yake: "Swali ni kama kisima kimekauka."

Nne, swali likiingia ndani ya sentensi, mpangilio wake hubadilika. Mtu akiuliza moja kwa moja husema:

Where did the money go?
Fedha zilikwenda wapi?

Lakini baada ya "is" husema:

The question is where the money went.
Swali ni wapi fedha zilikwenda.

Neno "did" limeondoka, na "go" limekuwa "went". Wanafunzi wengi huandika "The question is where did the money go." Katika mazungumzo utasikia watu wakisema hivyo. Katika barua ya ofisi, andika ule mpangilio wa kwanza.

Pia usichanganye kiungo na kitenzi cha kazi. Katika "The chairman said that the well is dry", neno "said" maana yake ni "alisema". Kusema ni kazi, na mwenyekiti ndiye aliyeifanya. Mwenyekiti na kukauka kwa kisima ni vitu viwili. Lakini katika "The problem is that the well is dry", tatizo lenyewe ndilo kukauka kwa kisima. Ni kitu kimoja.

Hatua nne za kusoma

Ukikutana na sentensi ndefu ya namna hii, katika Kiswahili au Kiingereza, fanya hivi:

1. Tafuta kiungo: ni, si, ilikuwa, is, was.
2. Soma neno lililo kabla ya kiungo. Je, ni ukweli, ahadi, sharti, maoni, matumaini au uvumi?
3. Funika mwanzo. Soma sentensi ndogo iliyo ndani. Nani? Amefanya nini, au afanye nini? Lini?
4. Ondoa kidole. Soma yote tena, kisha amua utafanya nini.

Zoezi

Soma tangazo hili polepole, kisha jibu maswali pamoja na wenzako darasani.

TANGAZO
Wafugaji wote, habari ni kwamba josho limekwisha kutengenezwa. Tatizo ni kwamba dawa haijafika. Matumaini ya kamati ni kwamba dawa itafika wiki ijayo. Sharti ni kwamba kila mfugaji aandikishe idadi ya ng'ombe wake kabla ya siku ya Ijumaa.

1. Ni jambo gani limekwisha kufanyika?
2. Je, ni hakika kwamba dawa itafika wiki ijayo? Neno gani limekuonyesha hivyo?
3. Mfugaji anatakiwa afanye nini, na lini?
4. Jirani yako amesoma tangazo na kusema, "Jumatatu napeleka ng'ombe joshoni." Utamshauri nini?
5. Andika sentensi tatu kuhusu kijiji chako. Ya kwanza ianze "Ukweli ni kwamba". Ya pili ianze "Matumaini yetu ni kwamba". Ya tatu ianze "Tatizo si kwamba".

Msomee mtu wa nyumbani kwako sentensi ulizoandika. Mwulize ni ipi anayoweza kuitegemea, na kwa nini. Akikujibu vizuri, basi umeandika vizuri, na yeye amesikiliza vizuri.